Zilizomkaa na Zilizombana

Fundi wetu wa Mandewa alikuwa na kipaji cha kusimamisha filamu mahali ambapo binadamu mwingine asingesimamisha. Wewe uko katikati ya moshi na risasi, shujaa ananing'inia juu ya ghorofa kwa mkono mmoja, roho iko mdomoni, halafu mzee ananyoosha kidole chenye kastabini, anabonyeza kitufe, picha inaganda. Anainuka kwenye cherehani, anasogea mpaka pua inakaribia kioo.

"Mnaona?"

Hatuoni kitu.

"Shati. Bado limechomekwa. Mtu karuka maghorofa mawili, kapigana na watu tisa, shati liko ndani ya suruali kama anakwenda kufunga ndoa. Uongo huo. Toa."

Na inatolewa. Hata kama tumebaki watu saba kwenye benchi tunataka kujua shujaa alianguka au hakuanguka. Mpaka leo sijui. Kuna filamu kama arobaini maishani mwangu ambazo sijui ziliishaje, na zote ni kwa sababu ya mzee huyu. Ndiyo maana namwandika hapa nikiwa na hasira kidogo. Mkiona maneno yamenyooka sana mjue nimejizuia.

Mimi ni msichana wa kidato cha nne. Kwenye ripoti zangu za shule mwalimu wa darasa huandika kila muhula, "Ana uwezo, ila mzaha umezidi," na mama husoma hiyo nusu ya pili tu. Kwa Fundi nilianza kwenda nikiwa darasa la tano, nilipotumwa kuchukua gauni la mama ambalo halikuwa tayari, na nimeendelea kutumwa tangu hapo kwa sababu nguo zetu hazijawahi kuwa tayari.

Kibanda chake kilikuwa cha bati, na upepo wa Singida ukivuma kilipiga makofi chenyewe. Ndani kulikuwa na cherehani mbili, moja nzima na moja ya vipuri, na juu ya rafu ya nyuzi kulikuwa na runinga ndogo iliyoegemea kwenye marobota ya kitambaa cha sare. Alishona huku anatazama. Yaani mguu uko kwenye kanyagio, mikono kwenye kitambaa, macho juu. Ukitaka kujua nguo yako ilishonwa filamu ikiwa imefika wapi, unaangalia mshono. Sketi yangu ya kidato cha pili ina mshono ulionyooka vizuri kabisa mpaka katikati ya paja, halafu unaanza kuyumba. Hapo ndipo majambazi walipoingia benki. Kwenye pindo umetulia tena, maana polisi walishafika.

Sasa jambo lenyewe lililomfanya ajulikane kuanzia Mandewa mpaka Utemini lilikuwa mlango wake.

Kila siku ya mwisho ya mwaka, baada ya chakula cha mchana, alifunga mlango wake wa buluu akiwa upande wa nje, akatoa ile chaki bapa ya kupimia nguo, akaandika filamu zake za mwaka mzima. Kushoto aliandika ZIMENIKAA. Kulia aliandika ZIMENIBANA. Zilizomkaa hazikuzidi tatu. Zilizombana hazikuwa na kikomo. Mwaka mmoja zilishuka mpaka chini ya kitasa, nyingine akaziandikia kwenye bati. Majina ya filamu hakuyaandika kamwe. Alisema jina ni kama lebo ya kola, linakuambia nguo imetoka wapi, halikuambii kama inavalika. Aliziita kwa alichokiona yeye, na kila moja akaiwekea sababu yake fupi.

Watu walikuja kusoma, na kusoma maana yake kubishana. Waendesha bodaboda walisimama na pikipiki zao zikinguruma. Wanakwaya walitoka mazoezini wakapitia hapo, na wazee waliotoka msikitini wakapunguza mwendo wakijifanya wanatafuta kivuli. Na desturi yenyewe ilikuwa hii: tarehe moja Januari, saa nane mchana, Mama Kibanda, mwenye kibanda umiza, banda la kuonyeshea filamu, kilichoko nyuma ya mashine ya kukamua alizeti, alionyesha zile tatu zilizomkaa Fundi. Mtaa mzima ulijaa humo. Waliokosa benchi walikaa juu ya magunia ya mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa. Kwa hiyo kuingia upande wa kushoto wa mlango ule kulimaanisha kutazamwa na kila mtu unayemjua. Kwa watu wengine hicho ni kitu kidogo. Mimi nilikitaka mpaka nikawa nakiota wakati wa kipindi cha Fizikia.

Mwaka huu ninaousimulia, kushoto aliandika hivi. Ya kwanza ilikuwa ya Wakorea: "Mama muuza supu. Kiwiko cha blauzi kimefifia kwa kuegemea meza moja miaka yote." Ya pili ilikuwa ya vita, ile ambayo watafsiri wa Dar wameiingizia sauti zao juu ya sauti za wenyewe: "Askari mzee anayeshona kifungo chake. Kakata uzi kwa meno, na kifungo hakifanani na wenzake." Ya tatu ilikuwa ya hapa hapa nyumbani, na watu walipiga vigelegele, kwa sababu za kwetu zilikuwa zimekaa kulia miaka minne mfululizo: "Mama mkwe. Khanga imechakaa pale anapokaa mtoto mgongoni."

Kulia kulikuwa kumejaa. "Mjane aliyepigwa pasi. Mume kafa asubuhi, saa sita gauni jeusi lina mistari. Nani kawasha pasi kwenye msiba?" Halafu mganga wa porini ambaye kaniki yake ilikuwa na karatasi ya dukani kwapani. Halafu ndugu wawili wa Kihindi waliopotezana utotoni wakatambuana ukubwani kwa nusu mbili za kitambaa: "Miaka ishirini, rangi ile ile. Hata mapenzi hufifia." Halafu ile iliyokatika katikati ya vita na kutuambia tusubiri sehemu ya pili. Hiyo aliiandikia maneno matatu tu: "Nguo mkono mmoja."

"Fundi, lakini yule mrusha mateke wa maghorofani umemwonea," alisema kijana mmoja wa bodaboda. "Shati halikutoka kwa sababu kavaa mkanda."

"Mjomba, mkanda unashika suruali. Shati linashikwa na nini? Imani?"

Na chini kabisa upande wa kulia, kwa herufi zilezile, kulikuwa na filamu ya mwisho. Hiyo nitaifikia. Ingewezekana ningeiruka.

Niliwahi kumwuliza kwa nini hatazami nyuso kama watu wengine. Akasema, "Uso unafundishwa kulia. Pindo halifundishiki." Alikuwa na misemo ya namna hiyo na aliisema bila kujisikia, akiwa na pini tatu mdomoni, kwa hiyo nusu yake ilikuwa ya kubahatisha. Alijua vitu vya ajabu. Akikuona umesimama mlangoni alijua kazi yako kabla hujamwamkia. Dereva bodaboda jaketi hufifia kifuani, mgongoni likabaki jipya. Mwalimu huchakaa kiwiko. Mchunga mifugo shati lake hutoboka begani, pale fimbo inapolala, wala si tumboni. Tumbo la mchunga haligusani na kitu, alisema, chakula chenyewe huwa hakifiki.

Kumwamkia ilikuwa lazima. Hata ukija kumgombeza ulianza na shikamoo, la sivyo alikutazama tu kama filamu isiyo na sauti.

Lakini mzee huyu alikuwa na mambo yake. Koti lake mwenyewe lilikuwa limefumuka kwapani tangu niko darasa la tano, na kila alipoinua mkono kuonyesha kosa la nguo kwenye kioo, bitana ilichungulia. Tena kulikuwa na tamthilia moja ndefu ya ng'ambo, ya matajiri wanaosalitiana, ambamo watu wanaamka asubuhi na vito shingoni na nywele zimepangwa. Kwa sheria zake mwenyewe ilitakiwa kutolewa sekunde ya kumi. Aliitazama yote. Siku binti wa tajiri alipokataliwa na baba yake, cherehani ilinyamaza, na Fundi akavua miwani akaifuta muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

"Fundi, unalia?"

"Natazama vifungo," akasema. "Wana vifungo vizuri hawa."

Na kubwa kuliko yote lilikuwa kesho. Fundi alikuwa na kesho za aina nyingi. Kesho ya kawaida, ambayo ni wiki mbili. Kesho jioni, ambayo ni mwezi. Kesho bila kukosa, ambayo maana yake kitambaa hakijakatwa. Na ile mbaya kuliko zote, "kesho hata usije, nitakuletea mwenyewe," ambayo maana yake kitambaa hakionekani. Kwake kesho haikuwa siku, ilikuwa adabu ya kuagana. Mimi nilifanya mitihani ya kumaliza kidato cha pili nimevaa sketi ya kidato cha kwanza, nimebana magoti wiki nzima, msimamizi akadhani nimeficha majibu.

Mtu yuleyule ambaye hakuweza kuvumilia uongo wa mkono wa blauzi kwenye runinga alidanganya binadamu kumi na tano kwa siku, tena kwa upole, akikuangalia machoni. Hilo nilikuwa nalicheka miaka yote. Niliacha kulicheka lilipoingia kwenye filamu yangu.

Ndiyo, nilitengeneza filamu. Dakika kumi na mbili, kwa simu ya dada yangu. Hadithi ni ya kijana anayechunga mbuzi kumi, anapoteza mmoja, anaogopa kurudi nyumbani, anazunguka siku nzima kwenye mawe na vichaka akijitungia uongo wa kumwambia baba yake. Nitasema mwenyewe kwa kuwa hakuna wa kunisifia: hadithi ilikuwa nzuri. Mchunga aliigizwa na Chepe, ninayekaa naye dawati moja, kijana mrefu mwenye uso wa huzuni hata akishiba. Mbuzi walikuwa wa mjomba wangu, Ikungi.

Mwezi Oktoba tulikwenda kwa Fundi na kipande cha kaki ambacho mama yake Chepe hakukihitaji, tukamwomba shati la mchunga. Sijawahi kumwona vile. Alizima runinga! Alikigusa kile kitambaa, akakinusa, akasema shati lenyewe ni kazi ndogo, kazi kubwa ni kulizeesha.

"Nitalishona kubwa kidogo, maana kaachiwa na kaka yake," akasema. "Halafu nitalifua kwa majivu. Nitalianika juu ya bati siku nne, mgongo juu, kifua chini. Begani nitasugua kwa jiwe mpaka uzi uonekane. Kifungo cha pili hakuna. Kifungo cha tatu ni cha gauni la dada yake. Mtu akiliona shati hilo hata Chepe asiposema neno, amekwisha kujua."

Mimi na Chepe tulirudi tukiwa tunakimbia. Nilijiona niko upande wa kushoto wa mlango tayari.

Wiki ya kwanza akasema kesho. Wiki ya pili akasema kesho jioni. Wiki ya tatu nilikuta anashona suti ya bwana harusi, akaniambia kesho bila kukosa, na mimi nikajua maana yake. Mitihani ya mwaka ikapita, likizo ikaanza, tukasubiri tena. Halafu mjomba akapiga simu kwamba mbuzi wanakwenda mnadani Jumamosi, kama tunawataka tuwahi. Siku ya Ijumaa nilisimama mlangoni kwa Fundi asubuhi.

"Shikamoo Fundi. Leo ndiyo leo. Mbuzi wanauzwa."

"Marahaba binti. Kesho hata usije," akasema. "Nitakuletea mwenyewe."

Tulikwenda Ikungi bila shati. Chepe alikuwa amevaa shati lake jipya la Krismasi, la mistari, kwa sababu alitaka kuonekana na wasichana wa mnadani. Nilichukua wembe. Nilimchana mgongoni, nikamchana tumboni, nikamchana mkono mmoja, nikampaka vumbi. Chepe alilia kwelikweli, na machozi hayo yamo kwenye filamu, ni dakika ya sita. Nyumbani mama yake alimpokea kwa namna ambayo ingetoa filamu nyingine.

Nilimpelekea Fundi flashi katikati ya Desemba. Akasema ataitazama. Nilimwambia wazi kabisa: nataka mlango, upande wa kushoto, na sitaki huruma. Akasema huruma hana.

Na hakika hakuwa nayo. Ya mwisho, upande wa kulia: "Mchunga wa wembe."

Nilisoma mara mbili. Watu walikuwa wamejaa, na baadhi walijua ni yetu, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa umeshaitangaza mtaa mzima. Chepe aliingiza kichwa ndani ya kola ya fulana yake. Mimi nilipenya mpaka mbele.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Umeona?"

"Nimeona. Uliitazama mpaka mwisho?"

"Niliishia dakika ya nne. Shati lilipotokea."

"Filamu ina dakika kumi na mbili!"

"Na shati lina dakika zote. Nguo huliwa, binti, haichanjwi. Limechanwa tumboni. Nani alimchana tumboni, mbuzi?"

"Na shati la filamu alitakiwa kushona nani?"

 Fundi alifuta chaki mkononi kwa koti lake.

"Mtazamaji hajui nani alichelewa," akasema. "Mtazamaji anaona shati."

Kilichoniudhi ni kwamba ilikuwa kweli. Ingekuwa uongo ningeweza kuondoka. "Fundi," nikasema, "wewe unatoa filamu nzima kwa uongo mmoja wa kwapa. Wewe mwenyewe kwa siku unasema kesho ngapi? Ungekuwa filamu, ungejitoa kabla ya jina la mwongozaji."

Kicheko kilichopigwa kiliwatoa mpaka watu wa mashine ya alizeti. Mzee mmoja aliniambia nina ulimi mrefu kuliko sketi. Fundi hakucheka. Alinitazama kama anatafuta mahali mshono ulipofumukia.

"Kesho tutaongea," akasema.

Naapa alisema hivyo.

Sasa kesho yenyewe ilikuwa tarehe moja, siku ya maonyesho. Na mimi ndiye niliyekuwa natumwa na Mama Kibanda kwenda duka la muvi kumjazia zile tatu kwenye flashi, kwa sababu yeye na kompyuta hawasalimiani. Nilimjazia ya supu. Nilimjazia ya askari. Kwenye nafasi ya tatu, badala ya mama mkwe, nikaweka mchunga. Najua ni dhambi. Nilikuwa nimeshakasirika, na mtu akikasirika mkononi ana flashi mnategemea nini?

Saa nane kibanda kilikuwa kimejaa mpaka mlangoni. Fundi alikaa benchi la mbele, nafasi yake ya kila mwaka, amevaa koti lake. Supu ikapita, watu wakasikitika. Askari akashona kifungo chake, watu wakapiga makofi alipokata uzi kwa meno, na Fundi akageuka kuwatazama kana kwamba kifungo kile alikishona yeye. Halafu ikaanza ya tatu, na badala ya nyumba ya mama mkwe yakatokea mawe, vichaka, na mbuzi kumi wa mjomba wangu.

"Hee! Si Ikungi hapo?" mtu akasema.

Dakika tatu za kwanza zilikuwa tamu kuliko kitu chochote kilichowahi kunipata. Walinyamaza. Watu wazima walinyamaza, wakitazama nilichokitazama mimi. Fundi aliinama mbele kidogo, hakusema toa. Dakika ya nne Chepe akatokea akiwa amevaa shati lake, na mtoto wa kike, hata shule hajaanza, amekaa mapajani kwa mama yake, akasema kwa sauti safi kabisa:

"Mama, kakatwa na wembe."

Kibanda kililipuka. "Mbuzi ana mkasi!" akapiga kelele mmoja. "Huyo hajachunga, katoka kufanyiwa upasuaji!" Walicheka mpaka magunia ya mashudu yakapasuka. Chepe wa kwenye kioo alikuwa anamtafuta mbuzi kwa huzuni, na Chepe wa kwenye benchi alikuwa anautafuta mlango. Mimi nikasimama, na kabla sijajizuia nikawa nimeshasema:

"Shati alitakiwa kushona Fundi! Tumemfuata tangu Oktoba!"

Wakageuka wote. Nilitegemea atasema ule msemo wake wa mtazamaji. Alisimama polepole, kivuli cha kichwa chake kikaingia kwenye picha, mbuzi wawili wakapotea.

"Ni kweli," akasema. "Waliniletea kitambaa. Niliwaahidi. Sikushona."

Hamwezi kuelewa uzito wa maneno hayo kama hamjawahi kuwa na fundi wa nguo. Hakuna mtu Singida aliyewahi kumsikia fundi akisema "sikushona." Fundi husema umeme ulikatika, sindano ilivunjika, shemeji alifariki.  Halafu mwanamke mmoja wa nyuma akauliza, kwa sauti ya chini ya kuogofya:

"Na gauni langu la Idi je?"

"Na sare za kwaya?" akadakia mwingine. "Tumeimba Krismasi nzima kila mtu na rangi yake!"

"Na suruali yangu ya send-off ya dada? Dada ameshajifungua!"

Wakainuka. Fundi alirudi nyuma mikono imeinuliwa, bitana ya kwapa nje, akatokea mlango wa pembeni, na mtaa mzima ukamfuata nje ukidai nguo. Kibanda kilibaki kitupu. Mama Kibanda naye alitoka, maana na yeye alikuwa na blauzi yake kule. Chepe alishakimbia zamani. Filamu iliendelea. Mchunga wangu alizunguka kwenye mawe, akalia dakika ya sita, akatunga uongo wake, akarudi nyumbani, na mwisho ambao nilikuwa nimeufikiria kwa miezi miwili ukaonyeshwa kwa mabenchi.

Baada ya hapo sikwenda kwa Fundi. Nilipita upande wa pili wa barabara, nikijifanya nasoma vibao. Niliona tu kwamba runinga ilikuwa imezimwa wiki mbili, na cherehani inalia kuanzia asubuhi, na watu wanatoka na mifuko. Mlango ulikuwa hivyo hivyo. Upepo ulikuwa umeanza kula chaki, lakini "wembe" lilikuwa bado linasomeka vizuri.

Mwisho wa Januari, natoka shule, akaniita.

"Wewe binti. Pita huku."

"Shikamoo," nikasema, kwa sababu ni lazima.

"Marahaba. Ule mwisho sikuuona. Nilikuwa nafukuzwa."

"Hakuna aliyeuona."

"Unao?"

Flashi nyingine yenye filamu ilikuwa kwenye begi. Imekuwa kwenye begi muda wote, sitadanganya. Akaichomeka, akatoa mguu kwenye kanyagio, akasogeza kiti. Nilisimama mlangoni na begi langu, tayari kuondoka akisimamisha. Dakika ya nne shati likatokea. Niliona mkono wake unakwenda kwenye kitufe, ukasita, ukapita. Aliinua kiganja, akakiweka juu ya kioo kulifunika lile shati, na kila Chepe alipohama kiganja kilihama naye. Alitazama hivyo dakika zote zilizobaki, kichwa na miguu ya mchunga, katikati kiganja.

Mwishoni Chepe anafika nyumbani, amekwisha kujipangia uongo, anafungua mdomo, na kumbe yule mbuzi wa kumi alishatangulia, yumo zizini anatafuna. Picha inabaki pale kwenye uso wake. Nilikuwa najivunia uso ule.

Fundi akasimamisha.

"Huyu nani?"

"Chepe. Si unamjua?"

"Nyuma yake."

Nikasogea. Nyuma ya Chepe, kwenye kona ya picha, mwanamke mzee alikuwa anapita na ungo kiunoni, anamfukuza kuku.

"Aa, huyo bibi yangu. Alipita tu. Hakujua tunarekodi, nilimpigia kelele mpaka basi."

"Anapepetea mkono wa kushoto."

Nilimtazama Fundi. Bibi ni wa mkono wa kushoto, lakini Fundi hakuwahi kumwona bibi. Alikuwa amegusa kioo kwa kastabini, pale kwenye nyonga ya kushoto ya bibi, ambapo kitenge kilikuwa kimefifia na kuwa cheupe kwa umbo la duara la ungo.

"Hiyo siyo ya mwaka mmoja," akasema. "Miaka thelathini. Vitenge vinabadilika, duara linarudi pale pale."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini? Nimeuliza tu ni nani."

"Fundi, nimetunga miezi miwili. Nimetafuta mbuzi kumi. Nimechana shati la Krismasi la mtoto wa watu. Na wewe kitu ulichokiona ni bibi anafukuza kuku?"

"Sikusema nimekipenda."

"Utaifuta mlangoni?"

"Mlango haufutwi kabla ya Desemba."

"Umemwona bibi lakini. Ungeandika hata bibi."

"Bibi hukumwandika wewe," akasema. "Nimwandike mimi?"

Nilitaka kumjibu kitu kikali na nilikuwa nacho, lakini alikuwa ameshageuka. Akarudisha nyuma, akaachia. Mteja akabisha hodi, akaambiwa asubiri nje. Sekunde nne. Chepe anafungua mdomo na macho yanakwenda kwenye simu, kama yalivyokwenda filamu nzima, na sijawahi kuliona hilo mpaka siku ile. Bibi anapita na kuku wake, hasira usoni, ungo umetulia kwenye duara lake, hatazami kamera hata mara moja. Fundi akarudisha tena. Mimi nikaweka begi chini.

Desemba, kabla sijampelekea Fundi flashi, nilihangaika jioni nzima kumkata bibi pale atoke kwenye picha. Simu ndiyo iliyogoma.